Sentensi Moja Iliyotutenga Mimi na Hawa

Jumapili. Mvua imepiga tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu. Ziwa lina rangi ya majivu. Nina uchungu, na leo sitajifanya sina.

Dada yangu hataki kuniona.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: Hawa ndiye aliyenitangulia kuzaliwa. Anaanika na kuuza dagaa pale Katonga. Mwaka jana vijana wa Ujiji walimwomba aigize kwenye filamu yao ya ngano, ile yenye nyimbo mwanzo hadi mwisho, ya binti anayechukuliwa na mfalme wa ziwa. Hawa ni mama wa huyo binti. Anasimama ufukweni akiimba kwa Kiha, anamwita mwanawe atoke majini. Alijifunza nyimbo zake huku akigeuza dagaa juani, mpaka wenzake wote wakazishika.

Filamu ilipotoka, nikaandika maoni yangu hapa. Nilisema wimbo wa ufukweni uliniliza, na kwamba sijawahi kuisikia lugha ya mama yetu ikipewa heshima hiyo kwenye filamu. Nikasema pia kwamba mfalme wa ziwa anaongea kama tangazo la redio, na kwamba baada ya harusi ya majini filamu inazama na haiibuki tena.

Yote mawili niliyaamini. Bado nayaamini.

Kisha mhakiki mmoja wa Dar, mwenye wafuasi kibao, akainyofoa ile sentensi ya mwisho peke yake. Akaandika kuwa nyimbo ni kelele, lafudhi ni ya kishamba, na kwamba hata mwandishi wa Kigoma mwenyewe amekiri inazama. Wimbo wa Hawa hakuutaja. Sidhani kama alivumilia kufika hapo.

Mashabiki wa filamu wakawaka. Yeye yuko mbali, hawamfikii. Mimi nipo hapa Mwanga, Kigoma, nina duka la vitambaa na kila mtu analijua. Msaliti, wakaniita. Mwenye wivu. Mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alipita mlangoni nikamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mama." Akaangalia vitambaa vya jirani.

Leo mchana filamu ilirudiwa kwenye kibanda umiza cha Kasingirima, sinema yetu ya mtaani. Nikaenda. Nilitaka Hawa anione nimekaa mle na watu wengine, nikimtazama.

Kibanda kilijaa, watu wanaimba na filamu. Hawa alipotokea ufukweni, wote wakasimama. Nami nikasimama. Hapo ndipo nikajulikana.

"Huyu si ndiye aliyesema inazama?"

Mwenye kibanda, mzee ninayempa shikamoo tangu utotoni, akaja akaniinamia sikioni. "Mwanangu, naomba utoke. Sitaki fujo humu."

"Mzee, nimekuja kumwona dada yangu."

"Najua. Toka tu, mwanangu."

Hawa alikuwa benchi la mbele. Aligeuka, tukatazamana. Nilisubiri aseme neno moja tu: mwacheni. Akageuza uso, akarudi kujitazama akimwita mwanawe.

Nikatoka. Nyuma yangu watu walipiga makofi.

Jioni akaja nyumbani. Alisimama mlangoni na khanga iliyolowa, akakataa kuketi.

"Ungeniambia mimi kwanza, Mwamini."

"Ungeniruhusu niandike?"

"Nisingekuruhusu."

"Basi, dada."

"Watu wa Dar wanacheka ninavyotamka maneno. Na wewe ndiye umewapa pa kuanzia."

Nikachukua simu, nikamsomea aya niliyoandika kumhusu yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwa muda nilidhani amelainika.

"Hiyo nani ameisoma?" akauliza.

Nikaiweka simu mezani.

"Futa," akasema. "Futa yote."

Nikakataa. Akaondoka bila kuaga.

Yule mhakiki ameshahamia filamu nyingine, nimeona. Hao mashabiki nao watapata mtu mwingine wa kumtukana. Hakuna hata mmoja wao aliyegombana na mtu wa tumbo moja.

Sitafuta. Siyo kiburi, au siyo kiburi peke yake. Nikifuta, nitakuwa nimefuta na machozi yangu, nimefuta na sifa za Hawa, na kitakachobaki duniani ni ile sentensi moja iliyonyofolewa, ikizunguka na jina la mji wetu.

Asubuhi nitalifunga duka kidogo, nishuke Katonga. Nitamwamkia dada yangu mbele ya wenzake, kwa sauti, kama mdogo anavyopaswa kumwamkia mkubwa wake.

Na akinyamaza mbele yao wote, nitageukia wapi?