Kwa Parjono wa Kaliwatu, Aliyeliendesha Lori Siku ya Wingu la Moto

Mwaka umetimia, Baba Mkubwa, tangu ututoke Alhamisi ile baada ya sala ya alfajiri, ukiwa umelala ubavu, dirisha la upande wa Mlima likiwa wazi kama ulivyotaka. Jana tulikusomea dua. Watu walijaa mpaka uani, wali haukutosha, na Mama Mkubwa Lasmi akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Huyu hata akiwa kaburini," alisema, "lazima apakie abiria kupita kiasi."

Familia imeniachia mimi, Wening, niandike. Wanao Yuwono na Endah wanasema hadithi zako nilikuwa nazisikiliza mimi, wao walikuwa wakizikimbia.

Ulipenda kahawa yenye sukari nyingi. Miaka thelathini ulibeba mchanga wa mtoni, ule ambao Mlima huutapika ukilipuka, na mvua ikauteremsha. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha lori, ulisimama barabarani ukautazama Mlima, ukatupa habari zake bila kuulizwa: "Leo amevaa kofia." Au: "Leo anavuta sigara, ila taratibu." Madereva wenzako walikutania kwamba lori lako linakohoa kama mzee.

"Linakohoa lakini linafika," uliwajibu. "La kwako linaimba tu, tena limeegeshwa."

Watu wanajua kilichotokea siku ile, lakini wanakijua vipande vipande. Leo tunataka kukisema chote, kwa kuwa wewe hukuwahi kukisema.

Siku mbili kabla, kituo cha kuupima Mlima kilikuwa kimeamuru watu washuke. Walishuka. Lakini mchana walikuwa wakipanda tena kulisha ng'ombe, maana ng'ombe hawezi kufunga siku mbili. Saa tisa alasiri king'ora kikalia. Lori lako lilikuwa mbele ya msikiti, watu wakipanda nyuma. Mama yangu, Sarti, ulimkalisha mbele kwa ajili ya tumbo. Mimi nilibakiza wiki tatu kuzaliwa. Baba yangu, Suroto, mdogo wako wa pekee, alikuwa amepanda bandani kuwafungua ng'ombe wake watatu.

"Subiri, Shemeji," Mama alikuambia. "Anafungua kamba tu, anakuja."

Ukasubiri. Ulipiga honi mpaka mkono ukaingia ganzi. Majivu yakaanza kuanguka yakiwa ya moto, na harufu ya kiberiti ikajaa kooni. Kwenye redio ya mkononi sauti ya kituoni ilikuwa inarudia maneno yaleyale: "Wote washuke. Kaliwatu, shukeni sasa hivi." Watu nyuma walikuwa wakipiga paa la lori kwa viganja. Mzee mmoja aliita, "Parjo, tuna watoto huku."

Ukafungua mlango, ukasimama kwenye ngazi ya lori, ukaliita jina la mdogo wako mara tatu. Halafu ukarudi kwenye kiti.

"Shemeji, shika vizuri," ulisema.

Mama aliuvuta usukani. Alikuuma mkono. Ukaendesha hivyohivyo, mkono mmoja ukimzuia asifungue mlango. Mlipovuka daraja, wingu la moto lilikuwa limeshateremka bondeni. Kijiji hakikuonekana tena. Nyuma ya lori mlikuwa na watu arobaini na watatu, na wote walifika.

Baba alipatikana siku ya sita. Ng'ombe wawili alikuwa ameshawafungua.

Mimi nilizaliwa kambini. Baadaye tukapewa nyumba kule chini, nyumba yetu ya tatu kutoka yako, na kwa miaka kumi na moja Mama hakukusemesha. Ulitengeneza paa letu. Alikaa ndani mpaka ukamaliza. Mama Mkubwa alituletea chakula. Kilikuwa kikirudi kama kilivyokuja, sahani haijaguswa. Kitu kimoja tu alikubali, unipeleke shule kwa lori. Siku moja nikakuuliza kwa nini Mama hakupendi.

"Nilimwacha baba yako," ulisema, kama mtu anayetaja tarehe.

Mama Mkubwa alichoka, akakutaka uende umweleze. Ulikataa. "Nimweleze nini, Lasmi? Alikuwepo."

Mwaka niliotimiza kumi na moja, Mlima ukaamka tena. Ulikuwa umewapandisha akina mama kukata majani ya ng'ombe kwenye mashamba ya zamani, kama kila Jumanne. Mama alipanda nyuma, mwisho kabisa, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa mbele nawe kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Ardhi ikanguruma, king'ora kikalia, wanawake wakakimbilia lori na vifurushi vyao. Bila Mama, walikuwa kumi na tisa. Wengine wawili, Painem na binti yake, walikuwa hawajatoka bondeni.

Injini ilikuwa inawaka na wewe hukuendesha. Niliitazama mikono yako. Ilikuwa kwenye usukani, na haikufanya kitu.

"Twende, Baba Mkubwa," nilikuambia.

"Tunasubiri."

"Majivu yanaanza."

"Simwachi mtu tena, Wening. Nimesema tunasubiri."

Nyuma walikuwa wanapiga paa. Kisha mlango wa upande wangu ukafunguliwa, Mama akapanda, akanisukuma katikati, akaufunga. Alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alitazama mbele, hakukutazama wewe.

"Shemeji," alisema, "kuna watu kumi na tisa nyuma. Mtoto wa Suroto yuko hapa. Endesha."

Ukaanza kulia. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia vile huku anabadilisha gia.

"Siku ile ulisubiri," Mama alikuambia kwenye kona ya pili. "Nilikuwa pale. Ulisubiri kupita ulivyopaswa. Endesha."

Painem na bintiye walikuwa wameshuka kwa njia ya mto. Tuliwakuta darajani, wamekaa juu ya mawe, wanakula mihogo. Painem akauliza kwa nini tumechelewa hivyo.

Jioni ile Mama alikuja kwako na bakuli la mchuzi wa fenesi. Aliliweka mbele yako. "Kula," akasema. "Chumvi imezidi." Ulikula lote, ukaomba lingine, na Mama Mkubwa akaenda kusimama jikoni, hana analopika.

Miaka saba ya mwisho ilikuwa mizuri. Kifua kilikubana, daktari akakukataza vumbi, ukamwambia amtafutie Mlima kazi nyingine kwanza. Wiki ya mwisho Mama ndiye aliyekuwa akikuinua unywe maji.

"Nikimkuta Suroto," ulimwambia, "nitamuuliza wale ng'ombe walikuwa na nini hasa."

"Muulize," Mama alisema. "Na mimi nataka kujua."

Mkacheka nyote wawili mpaka ukakohoa, na mimi nikatoka nje.

Baba Mkubwa, nilipomaliza kuandika haya nilimsomea Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kuna sentensi niifute. Nilikuwa nimeandika kwamba alikusamehe.

"Futa," alisema. "Hakukuwa na la kusamehe. Andika kwamba nilichelewa kumwambia."

Nimefuta, na nimeandika.

Tunaokukumbuka ni mkeo Lasmi, wanao Yuwono na Endah, wajukuu zako wanne, shemeji yako Sarti, na mimi Wening, mtoto wa mdogo wako. Pamoja nasi ni wale arobaini na watatu, na watoto waliozaliwa na wale arobaini na watatu. Sote tungali tunakutaja, na hatutaacha.