Siku Tatu Kabla ya Misa

Hai Malakal, Juba
4 Februari 2025

Dada Bilha,
Habari za Kitale? Magoti yako yanaendeleaje? Mimi mzima, joto tu ndilo linanitesa.

Kampuni imenituma kununua kiwanda cha mikate cha Mama Juliet, pale Malakia. Mumewe aliyekijenga alizikwa wiki mbili zilizopita. Mama anasema tungoje misa ya siku arobaini, lakini Nairobi wanataka sahihi kabla mwezi haujaisha, wasije watu wa Kampala wakatutangulia. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Onesmus


Kitale
7 Februari

Onesmus mdogo wangu,
Nashukuru Mungu u mzima. Magoti ni yale yale.

Ngoja. Baba alipofariki, Mama aliuza kinu cha posho matanga hayajaisha. Unakumbuka alivyokuwa akizunguka njia ndefu kwenda sokoni, asikipite? Aliyefiwa hukubali chochote ili aachwe alie.

Dada yako,
Bilha


Juba
19 Machi

Dada,
Salamu nyingi. Natumaini unalala, mimi silali.

Sikukusikiliza. Mama Juliet alitia sahihi siku tatu kabla ya misa, bila hata kusoma. Kesho yake Adit, mwokaji mkuu, na wenzake wanane hawakuja. Nilipompigia simu akasema, "Marehemu hajapoa, nyinyi mmeshagawana nguo zake." Wiki ya tatu sasa hatujaoka hata mkate mmoja. Nairobi wananilaumu mimi.

Mdogo wako,
Onesmus


Kitale
22 Machi

Mdogo wangu,
Pole sana. Sitakukaripia, umejikaripia vya kutosha. Kula, kwanza. Halafu nenda kwa Mama Juliet bila karatasi yoyote, umpe ile pole ambayo hukumpa.

Dada yako,
Bilha


Juba
2 Aprili

Dada yangu,
Hujambo? Na watoto?

Nilienda kwake Atlabara. Nikasema, "Malesh, Mama, nisamehe." Akanimiminia chai.

"Onesmus," akasema, "mimi ilikuwa nataka kuuza. Mimi nimechoka. Lakini wewe ilikuja wakati mimi iko nalia. Kama ungengoja hiyo misa tu, mimi mwenyewe ningekupeleka kwa hao watu wa kiwanda."

Nikamwomba anipeleke sasa.

Jumatatu alifika kiwandani na nguo zake nyeusi, akasimama mlangoni, akawapigia simu mmoja mmoja. Wamerudi sita, watatu wameshapata kazi kwingine. Adit alifunga aproni, akanipita kama anayepita mlingoti. Hajanisalimu mpaka leo.

Lakini tangu alfajiri Malakia inanukia mkate.

Mdogo wako,
Onesmus