Gego la Bi Funguo

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo limebandikwa. Mtihani wa kuziba meno ni Alhamisi ya wiki ijayo, na kila mwanafunzi aje na mgonjwa wake. Jino liwe limetoboka, ila tundu lisiwe limefika kwenye mshipa. Huna mgonjwa, huna mtihani. Huna mtihani, unarudia mwaka. Na ufadhili wangu haulipii mwaka wa kurudia, kwa hiyo mimi nitafungasha tu.

Wenzangu hata hawakushtuka. Huyu ana mjomba, yule ana shemeji, mwingine baba mkwe. Ukoo wangu mimi, pamoja na meno yake yote mabovu, uko mbali, ndege mbili.

Mama kwenye simu anasema babu angenifaa, magego yake yameoza yote. Nikamwambia babu hana pasipoti. Akasema basi hao wenyeji wako, kwani wao hawali sukari? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akacheka mwenyewe.

Siondoki hapa kwa kukosa tundu kwenye jino la mtu. Siondoki.

Jumatano, 5 Juni

Siku hizi kazi yangu ni kuchungulia vinywa. Nawachekesha watu ili niyaone meno. Dobi — yake masafi, anatia hasira. Muuza mkate kayajaza dhahabu. Dereva wa basi alicheka vizuri sana, tundu nikaliona, nikamwomba palepale. Akauliza, wewe bado mwanafunzi? Nikasema ndiyo. Akafunga mdomo. Akafunga na mlango wa basi.

Ijumaa, 7 Juni

Bi Funguo!

Ndiye mama mwenye nyumba ninayopanga. Jina nimempa mimi, kwa zile funguo zinazolia kiunoni mwake kila anapopita. Tangu nihamie kwake sijamwona akicheka. Leo alikuwa anamsema Bwana Redio, jirani wa chini. Waligombana zamani kwa ajili ya kelele, na mpaka leo hawasalimiani. Yule bwana hamfungulii mlango mtu yeyote anayetoka ghorofa yetu, hata mimi nisiye na kosa. Basi Bi Funguo akapandwa na hasira, akafoka kwa kinywa kizima. Gego la chini, kushoto. Tundu hilo hapo, la mtihani kabisa.

Kumbe ndiyo maana anatafuna upande mmoja. Mimi nilidhani maringo.

Nikamwambia. Akaziba mdomo kwa kiganja. Alipokuwa mdogo alishikwa na watu wawili, akang'olewa jino bila ganzi. Hajarudi tena kwa daktari wa meno, na nikilitaja neno hilo nitafute chumba kingine. Nikampa pole. Akaniuliza, kwani ni wewe uliyening'oa? Watu wa huku pole wanaitoa kwa kosa lao tu. Nilichoka.

Jumapili, 9 Juni

Neno sijalitaja. Nimeleta vyombo vyangu tu, nikaviweka kwenye meza ya jikoni, nikawa navifuta kimoja kimoja yeye akinywa chai. Akatazama weee. Mwisho akauliza, hiki kazi yake nini? Nikampa kile kioo kidogo. Akalitazama gego lake mwenyewe.

Jioni akanigongea. Atakuja. Sharti moja: akiinua kidole naacha hapohapo, mtahini atake asitake. Nimekubali. Nina furaha mpaka nasikia aibu.

Jumanne, 11 Juni

Nilimpeleka Bi Funguo kupigwa picha ya jino. Alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi — vyangu. Mwalimu wa kliniki kasema linafaa, ila liko ukingoni. Likianza kuuma lenyewe, ujue limefika kwenye mshipa, na kwa mtihani halifai tena.

Siku mbili tu. Vumilia, gego.

Jumatano, 12 Juni

Limeanza kuuma lenyewe.

Nimemkuta jikoni asubuhi, mkono shavuni, chai imepoa. Hakulala. Akasema usijali, nitameza vidonge mpaka kesho, nitakaa kimya, mtahini hatajua.

Nilisimama na birika mkononi. Kesho tu! Nani angejua? Lakini ningeziba juu ya mshipa unaooza, na usiku wake angelia peke yake humu ndani. Ningekuwa mmoja wa wale watu wawili.

Nikamwambia, vaa viatu.

Daktari wa dharura kamtibu mshipa, mimi nikasimama upande wa kichwa, nimemshika mkono. Kidole hakuinua. Kwenye ngazi za nyumbani, nusu ya mdomo imelala, akauliza: na mtihani wako? Nikasema ndiyo hivyo tena. Alisimama pale kwenye ngazi, mbele ya mlango wa Bwana Redio, nami nikapanda.

Nimelia kidogo. Halafu nimepiga pasi koti jeupe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho nakwenda. Wakinifukuza, wanifukuze nikiwa nimevaa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekaa kwenye benchi, nje ya chumba cha mtihani. Vyombo vyangu vimepangwa ndani, kiti changu kitupu. Mtahini anawakagua wagonjwa wa wenzangu. Akimaliza, jina langu linafutwa. Amenishauri nirudi nyumbani nikapumzike. Nikasema nitangoja.

Wamebaki wawili.

Mmoja.

Nasikia funguo.

— Ni yeye! Anakuja na korido yote, amemkamata mtu mkono wa shati. Bwana Redio. Na ndara zake za nyumbani! Bi Funguo anahema. Anasema amemgongea tangu alfajiri mpaka yule bwana akafungua. Bwana akaanza kumtukana, na alipokuwa anatukana, Bi Funguo akamchungulia kinywa. Gego la juu, kulia.

Mtahini kamwingiza ndani kwanza, aone kama tundu linafaa. Mlango umefungwa. Bi Funguo kaketi hapa kando yangu, kanishika mkono unaoandika, mwandiko wote huu unacheza kwa ajili yake.

Namsikia Bwana Redio huko ndani akiuliza kama itauma.

Bi Funguo kamjibu kutoka hukuhuku benchini, korido nzima imesikia: "Inua kidole, jirani. Huyu binti anaacha."

Kitasa kinazunguka.