Majani Niliyomwaga Kituoni

Boito,
10 Desemba 1967

Mpendwa Baba,

Nitakueleza yote, kabla Baba Mdogo hajakuandikia yake huko Londiani uliko kwenye kazi ya mbao.

Unakumbuka noti mpya za Kenya zilipotoka, ukanipeleka soko la Chepilat? Mama wa ndizi aliinua noti yako juani, akaigeuza. "Hii ni pesa ama ni picha?" Ukamjibu, "Chukua, mama. Ikikataa kufanya kazi, nitakurudishia maganda." Akacheka, akaipokea. Njiani nilikuuliza ameamini nini. Ukasema, "Ameniamini mimi."

Mwezi uliopita pauni ya Uingereza ilishushwa thamani. Shilingi yetu haikushushwa. Mwalimu alitueleza kwamba nguvu ya pesa haitoki kwenye karatasi. Inatoka kwa chai na kahawa tunayouza nje, kwa serikali kutochapisha noti kupita mali iliyopo, na kwa watu kuamini kwamba kesho pesa hiyo itanunua inachonunua leo. Nilimsimulia Baba Mdogo. Akasema, "Basi London watatulipa pesa iliyoanguka. Tuongeze uzito kikapuni."

Jumamosi alinibebesha kikapu hadi kituo cha kununulia majani. Juu palikuwa na majani mawili na chipukizi, kama ulivyotufundisha kuchuma. Chini nilikuta majani magumu na mabua. Niliyamwaga nyasini, mbele ya karani na majirani.

"Umerogwa? Hiyo ni karo yako!"

"Najua, Baba Mdogo."

"Kwani shilingi ya Kenya inakutegemea wewe?"

"Ndiyo."

Watu waliangua kicheko. Mmoja akaita, "Waziri wa Fedha, songa mbele!" Nikasonga, nikapimiwa kidogo kilichobaki.

Nimemwomba Baba Mdogo msamaha kwa kumwaibisha, maana ni mzazi wangu. Kwa majani sikuomba, wala sitaomba. Anayekunywa chai yetu ng'ambo hatujui sisi hata kwa sura. Anajua ladha tu. Akituacha, noti zetu zitabaki picha kweli.

Sasa Baba Mdogo anasema nitabaki nyumbani nichume chai, kwa kuwa nimeonyesha sihitaji karo. Ninaihitaji, Baba. Nataka kuingia darasa la saba, na Mwalimu amenishikia nafasi mpaka neno lako lifike.

Kogo, bibi yangu, anakusalimu, anasema mama yeyote angekuambia uvae koti kwa baridi ya huko. Nijibu kwa posta ya kwanza: Januari, nirudi shule?

Ni mimi, binti yako mkubwa,
Chebet