Kilichotokea Bwaloni, Wifi, Siyo Alichokusimulia Corrine

S.L.P. 114,
Brandrup, Iowa.
Jumapili, 21 Februari.

Mpendwa Wifi Ardith,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Natumaini wewe na Shemeji Norbert hamjambo, na kwamba goti lake limetulia tangu alipoanza kulianika kwenye jua la Arizona. Sisi huku tu wazima kwa maana ya daktari. Janelle na mumewe Loren hawajambo, mtoto ameota meno mawili ya chini. Kaka yako Verlyn anakula na kulala vizuri. Hayo ndiyo ya afya.

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaitia kwenye droo ya visu, maana hapo ndipo ilipostahili. Umeandika kwamba nimemfanya kaka yako kichekesho mbele ya kata nzima. Umeandika kwamba mama yenu, Mungu amrehemu, asingethubutu kumpazia sauti mumewe hadharani. Umeyapata haya kwa Corrine Fossum kwenye simu, na Corrine hakukuficha chochote isipokuwa ukweli.

Sasa nisikilize mimi. Wewe uliondoka Brandrup miaka kumi na tisa iliyopita, na kila mwaka wa uchaguzi unawaambia majirani zako huko kwamba sisi watu wa Iowa tunachagua rais kama ndugu, uso kwa uso, kwa kahawa na keki. Uso kwa uso, ndiyo. Hapo ndipo penye ubaya wote.

Unakumbuka mwezi wa kumi yule mgombea Pruitt, aliyekuwa mwalimu, alipita hapa. Wagombea wote hupita, hula mahindi yetu na kutushika mikono hadi inauma. Lakini huyu aliingia jikoni kwangu shuleni, akauliza napika sahani ngapi, akauliza itakuwaje kwa watoto hawa shule ikiunganishwa na ile ya Harlow. Najua rais hafungi jiko langu wala halifungui. Lakini hakuna mwingine aliyeuliza. Merritt Fossum, mumewe huyo Corrine, yeye anataka shule ifungwe kesho, kodi ya maghala yake ya nafaka ipungue, na huyo Merritt ndiye kiongozi wa wafuasi wa mgombea mwingine, yule Gavana, katika kata yetu.

Verlyn naye alimpenda Pruitt. Sikubuni. Asubuhi ile ya mkutano wa kata, wa kuchagua mgombea wa chama, alikuwa anapaka siagi mkate, akaniambia, “Twyla, mimi pia ni wa Pruitt. Ila usinitangaze, mimi ni mwenyekiti.” Nikamwambia sawa, Baba Janelle, sitakutangaza, utajitangaza mwenyewe jioni.

Mkutano ulikuwa bwaloni shuleni, mahali ninapopika siku zote. Saa moja kamili jioni milango ikafungwa. Aliyekuwa ndani ni mpiga kura, aliyekuwa nje si mtu. Oda Brekke, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa nje, kwa sababu bintiye yuko zamu ya jioni kiwanda cha nyama na hakuna wa kumbeba kwenye barafu ile. Bintiye naye hakupiga kura, wala wenzake wote wa zamu ile. Siku ukijisifu tena huko Arizona, uwataje na hao.

Tulikuwa sitini na mmoja. Watu wazima wamekalia benchi za watoto, magoti yamefika kidevuni. Verlyn akasimama na karatasi yake, akasoma kanuni kama anavyozisoma kwa miaka ishirini na miwili: kila mtu aende kona ya mgombea wake, mna nusu saa, kundi lisilofika asilimia kumi na tano limekufa, watu wake waende kwingine au waende nyumbani. Kwa hesabu ya sitini na mmoja, uhai ulikuwa watu kumi.

Hakuna karatasi ya kukunja, Wifi, wala sanduku. Miguu yako ndiyo kura yako. Unatembea, na watu wanakutazama unavyotembea. Merritt aliweka kona yake kando ya jokofu la maziwa, akavuta kiti, akakaa kama mwenye harusi. Kila anayefanya kazi kwenye maghala yake alipita mbele yake kwanza. Nilimwona Loren wetu ameshika kofia mkononi, ananitazama mimi, anamtazama Merritt, kisha anakwenda kwenye jokofu. Sikumlaumu. Kijana ana mtoto wa meno mawili.

Verlyn akahesabu. Gavana, thelathini na wawili. Seneta, kumi na wawili. Jenerali mstaafu, saba, wakiongozwa na Gaylen kinyozi. Sisi wa Pruitt tulikuwa tisa, chini ya dirisha ninalotolea chakula.

“Tisa!” Merritt alipiga kelele. “Twyla, mnaunda timu ya besiboli?”

Kona yote ya jokofu ikacheka.

“Njooni huku kuna joto,” akaendelea. “Huko dirishani mtaganda bure, mama wa maharagwe.”

Sasa jumlisha mwenyewe, wewe uliyekuwa karani wa benki. Thelathini na wawili, kumi na wawili, saba, tisa. Inakuja sitini. Tulikuwa sitini na mmoja. Mmoja alikuwa hajasimama popote, na huyo mmoja alikuwa katikati ya bwalo ameshika karatasi.

Wendell Stroh, dereva wa basi la shule, ndiye aliyeona kwanza. Akaninong'oneza, “Mama Twyla, mumeo bado.” Nikasema najua, mpe nafasi, ataikunja karatasi yake na kuja. Nilikuwa na uhakika. Hata tabasamu nilikuwa nimeliandaa.

Dakika zilikuwa zimebaki nne. Verlyn akaangalia saa ya ukutani. Akaangalia upande wetu, lakini si mimi, aliangalia dirisha lililo nyuma yangu. Halafu Merritt akasema, taratibu tu, bila kupaza sauti, kama mtu anayeomba chumvi: “Mwenyekiti, na wewe si una miguu?”

Na kaka yako akaanza kutembea kuelekea jokofu.

Hapo ndipo niliposema yale maneno, na nitakuandikia kama nilivyoyasema, maana Corrine ameyapunguza upande mmoja na kuyaongeza mwingine. Nilisema: “Verlyn Rasmussen! Njoo usimame pale uliposimama asubuhi ukiwa na siagi mkononi!”

Watu wakacheka. Kisha wakaelewa, wakaacha. Verlyn alisimama. Masikio yake yalikuwa mekundu hadi shingoni. Nilidhani atageuka. Wifi, nakuapia, hata kama angegeuka akanitukana, mradi amekuja dirishani, ningempokea.

Akasema, “Twyla, usinifanyie hivi hapa.”

“Hapa ndipo panapofanyiwa,” nikamjibu.

Akaenda. Akasimama nyuma ya Loren. Thelathini na watatu. Kisha akarudi katikati, akasoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya kanisani kwamba kundi la Pruitt halikufikisha idadi. Sisi tulikufa kwa mtu mmoja, na aliyetangaza kifo ndiye huyo mmoja.

Hilo ndilo Corrine hakukuambia.

Sikulia, kama umesikia nililia. Nilikwenda jikoni kwangu nikanywa maji, nikarudi. Tulikuwa na nusu saa ya pili, ya waliokufa kutafuta pa kwenda. Merritt alishainuka, anatusogelea na mikono wazi. Alitaka tisa wetu ili Gavana apate wajumbe wanne kati ya watano wa kata yetu. Alishika bega la bibi mmoja wetu, akamwambia nafasi bado ipo kwa watu wenye busara.

Mimi nikampita, nikaenda kwa Gaylen. Nikamwambia, “Nyie saba mmekufa, sisi tisa tumekufa. Tukikaa pamoja bila mgombea yeyote, tu kumi na sita, na tuko hai.”

Gaylen akakuna kidevu. “Jenerali wangu hampendi kabisa huyo Pruitt wako.”

“Hatualikani harusini. Tunamnyima Merritt mjumbe.”

Wifi, mzee yule alicheka hadi meno ya bandia yakataka kutoka. “Basi yatima tulale kitanda kimoja,” akasema, akawaita wenzake sita waje dirishani. Ikawa kundi la wasio na mgombea, kumi na sita. Verlyn akahesabu mara mbili. Mara ya pili alihesabu kwa kidole. Gavana akapata wajumbe watatu, Seneta mmoja, sisi mmoja. Merritt alisema kuna kosa. Wendell akamwuliza kama kumi na sita zimebadilika tangu alipomaliza shule.

Tulipochagua mjumbe wetu wa kwenda mkutano wa wilaya, Gaylen akasema, “Aende huyu mama aliyepiga kelele. Mimi Jumamosi nina vichwa vya kunyoa.” Wendell akawa mjumbe wa akiba. Fomu ikapelekwa kwa mwenyekiti kutiwa sahihi, naye akaitia sahihi bila kusoma jina, ingawa hilo Rasmussen ni jina lake mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani, mimi na Verlyn tulipita kinu cha zamani. Ndipo akasema, “Loren anakula kwa Merritt. Mwenye nguvu mpishe, Twyla.”

Nikamwambia nimempisha Merritt Fossum miaka ishirini, sasa mgongo wangu umefika ukutani. Nikamwambia pia kwamba kwenye uchaguzi wa mwezi wa kumi na moja, nyuma ya pazia, yeye ni simba. Hilo lilikuwa neno baya na nalijua. Sijalirudisha.

Sasa sikiliza lililofuata, kisha uniambie nani alimwaibisha nani. Ijumaa ya wiki ile ile ya mkutano Merritt alimwondoa Loren kwenye mizani ya kupimia nafaka, akampeleka ndani ya maghala kufagia vumbi la mahindi, kazi ya vijana wa likizo. Loren alipouliza sababu, aliambiwa kwamba mama mkwe wake amegharimu watu wengine mjumbe. Kwa hiyo miguu ya kaka yako haikununua kitu. Alimpa Merritt kila alichotaka, na Merritt akachukua na kilichobaki.

Loren alikuja kutuambia jioni, amejaa vumbi hadi kope. Alisema hajutii, ila angejua mwisho wake ni ufagio, angekuja dirishani nasi. Verlyn alimsikiliza hadi mwisho. Akavaa koti, akaenda ghalani kwa miguu, ingawa gari lilikuwepo. Sijui alimwambia nini Merritt. Alirudi baada ya saa nzima, akakaa kwenye kiti cha kuvulia viatu, na viatu hakuvua. Akasema, “Nilisimama bure.” Mara moja tu.

Jumatatu aliandika barua ya kujiuzulu uenyekiti. Miaka ishirini na miwili, mistari minne. Aliniomba niitazame kama kuna makosa ya tahajia. Lilikuwepo moja, nikalisahihisha.

Kwa hiyo, Wifi, usinitumie barua nyingine ya kunifundisha mama yenu angefanya nini. Mama yenu alipiga kura yake ndani ya sanduku, akakunja karatasi, akaenda nyumbani kupika, na baba yenu hakuwahi kujua alimpigia nani. Asingeniambia ninyamaze. Angeniambia nina bahati mbaya ya kuzaliwa katika kata hii.

Unauliza kama tunazungumza. Tunazungumza: chumvi, posta, betri ya gari. Jana, nilipokuwa naosha vyombo, alikuja akasimama nyuma yangu. Akaniuliza kama tarehe ishirini na sita Machi, siku ya mkutano wa wilaya, anaweza kuja kama mjumbe wa akiba. Nikamwambia nafasi hiyo ina mtu, anaitwa Wendell.

Akachukua kitambaa, akakausha sahani moja. Kisha akasema, “Basi nitakupeleka tu. Nitakusubiri kwenye gari.”

Ni maili thelathini na moja, na mwezi huo barabara bado ina barafu. Sijamjibu. Nikimjibu ndiyo, sitaki iwe kwa sababu ya barafu.

Nisalimie Shemeji Norbert, umwambie aache kukata nyasi na goti lile. Msalimie Bonnie na wanawe, na Shangazi Hedvig ukimtembelea, ingawa atauliza mimi ni nani. Janelle anakusalimu, Loren pia. Corrine Fossum usimsalimie kwa niaba yangu, nitamsalimu mwenyewe nikikutana naye dukani.

Bwana akulinde na akupe usingizi mwema, na anipe mimi subira, ambayo leo imeniishia kwenye ukurasa wa tatu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye bado, japo leo kwa kujitahidi,

Twyla Rasmussen