Nabwire, Mrija Nipe Mimi

Mpendwa mulamu wangu Nabwire, dada ya bwana yangu na mdomo mwenzangu,

Uko namna gani huko Mulanda? Sisi hapa Busia tuko tu. Kaka yako amenenepa, nguruwe imezaa, na mimi bado naongea. Barua hii ni ya wazi, yeyote akiisoma asome, kwa maana wewe unanijua, siri mimi siwezi. Ikikaa kwa tumbo inaniuma.

Nimepata habari yako kwa yule mama anauza mukene, wale samaki wadogo, sokoni kwenu. Ameniambia mambo mawili. La kwanza, uko na mimba tena. Niliruka! Niliacha sufuria ya ugali kwa moto, posho ikaungua, kaka yako akakula hivyo hivyo. La pili nitakuambia mbele, wacha nianze na furaha.

Unakumbuka ile mimba ya Achieng, mkiwa bado mnakaa hapa Busia? Mbili zilikuwa zimetoka kabla yake, na wewe ulikuwa unatembea kama mtu amebeba mayai kwa kichwa. Tukaenda kliniki mimi na wewe, mimi nikiwa nimevaa ile gomesi ya harusi, sijui nilifikiri tunaenda kuposwa. Musawo akakuuliza vizuri tu, "Mama, unakunywa pombe?"

Ukajibu, "Hapana, musawo."

Na hukudanganya! Nani kwetu anaita malwa pombe? Pombe ni waragi, ile inachoma koo. Malwa ni ulezi imechachuka, ni chakula, mama zetu walikunywa wakiwa na sisi tumboni. Mimi nikaona nikusaidie, nikasema, "Huyu ni mtu safi, musawo. Yeye anaonja malwa tu, kwa sababu ndiye anapika."

Musawo akaweka kalamu chini. "Anaonja namna gani?"

Nikamweleza kama mtu anafundisha mgeni. Kwamba kwetu mwenye chungu lazima avute kwa mrija kwanza, watu wote wakimwangalia, ndio wajue hakuna sumu. Kila chungu inafunguliwa, anavuta. Wateja wapya wakikuja, wanamwambia avute tena.

"Kila siku?"

"Kila siku, musawo. Biashara yake ni nzuri!"

Mimi nilikuwa natangaza, kumbe nashtaki. Lakini musawo hakutugombeza. Alishika mkono yako akasema, "Mama, mtoto hana mrija yake. Anavuta kwa hiyo yako." Akasema hata kidogo si salama, mtoto anaweza kutoka mapema, ama azaliwe mdogo, ama akili yake ichelewe. Ukamuuliza kama zile mbili zilitoka kwa sababu ya malwa. Akasema hajui, hawezi kukudanganya, lakini hii tuichunge. Wewe ukalia. Mimi nikakufuta machozi na gomesi. Unakumbuka? Ile ya harusi, ikalowa mpaka tukafika barabarani!

Shida ikawa nyumbani. Wateja wamekaa kwa duara, mirija iko ndani, maji ya moto imemwagwa kwa chungu, na Mzee Barasa, yule fundi wa cherehani, anakuangalia.

"Mwenye chungu, vuta tuanze."

Mimi nikanyakua mrija. "Leo naonja mimi."

"Wewe Mama Wandera umekuwa mwenye chungu tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Nani alipika?"

"Nabwire."

"Basi Nabwire avute. Mimi nataka kurudi kwa bibi yangu nikiwa mzima."

Wakaondoka wote, wakaenda kwa jirani. Ile malwa tukamwagia nguruwe, ikalala mpaka kesho yake, miguu juu, inakoroma kama padri. Tulicheka, lakini niliona macho yako. Ungeacha kupika, mngekula nini? Bwana yako alikuwa anasukuma mizigo mpakani, siku ingine anapata, siku ingine anarudi na jasho tu.

Basi nikasema, kama mkono unapika ndio unaonja, mkono yangu itapika. Wewe ukakaa kwa kiti ukinifundisha. "Mulamu, kaanga, usichome! Mulamu, hiyo chachu ni nyingi!" Na mimi najibu, "Nyamaza, mwenye mimba," kumbe nachoma kweli. Chungu yangu ya kwanza Mzee Barasa akavuta, akafunga macho, akasema, "Hii haina sumu. Hata sumu ingekataa kukaa hapa." Ya pili akaomba mandazi, ati ni uji. Lakini walikunywa. Busia hii nani anaacha malwa kwa chungu?

Halafu nikafanya ile kitu ilikukasirisha. Nikaambia watu. Kwa kisima, kwa mashine ya kusaga, hata kanisani wakati wa shukrani nikasimama nikasema Nabwire ana mimba na musawo amekataza malwa, kwa hiyo mtu asimpe. Ulinijia na mwiko mkononi.

"Mulamu! Mimba watu wanaficha, wewe umetangaza mpaka Kenya! Na kama itatoka kama zile zingine, nitapita wapi?"

Hukuniongelesha karibu wiki nzima. Nilikuwa nasonga posho mimi peke yangu, naongea na paka. Nilielewa woga yako, mulamu. Lakini siri ndio ilikuwa inakuwekea mrija mdomoni, kwa maana mtu asiyejua, anakukaribisha.

Ukaona mwenyewe pale matangani, umechoka, jua kali, ukanyoosha mkono kwa mrija ya watu. Mzee Barasa ndiye alikugonga vidole! "Wewe! Huyo mtoto ametangazwa. Toa mkono." Walevi wote wakaitikia kama kwaya, "Toa mkono!" Ukaanza kucheka, nami nikacheka, na ugomvi ikaishia hapo.

Achieng akazaliwa mnene, analia mpaka wale wa upande wa Kenya wakasikia. Mzee Barasa alimshonea gauni, kubwa, ya mtoto wa miaka mitatu. Akasema, "Mimi nilivumilia ile malwa mbaya kwa sababu yake. Huyu ni wetu sisi wote."

Sasa mlipohamia kwa watu wa bwana yako kulima, nilifurahi na nikaumia. Malwa napika mimi, na nikuambie, siku hizi ni tamu. Nikiona mwanamke mjamzito anakaribia chungu, namwekea chai, namwambia habari yako yote. Wengine wananitukana. Chai wanakunywa.

Nifike kwa lile jambo la pili. Mama wa mukene ameniambia amekuona umekaa na mama mkwe wako, mrija mkononi. Lakini sikukasirika, Nabwire. Mimi pia ni mke wa watu. Mama wa bwana yako akikunyooshea mrija yake mwenyewe, hiyo ni heshima kubwa, na ukikataa umemtusi mbele ya ukoo. Hakuna musawo alitufundisha hapo tunasema nini. Na huyo mama hakutakii mabaya, anaamini malwa inakuletea maziwa ya kunyonyesha.

Kwa hiyo kazi ya kukataa niachie mimi. Nakuja. Jumamosi hii, na jogoo kwapani, kama mgeni wa maana. Nitakaa katikati yenu. Mrija ikikuja kwako, nitaichukua mimi, nitavuta, nitasifu malwa ya mama mkwe mpaka aone haya, halafu nitaanza kuongea. Nitamweleza ya musawo, ya Achieng, na ya zile mbili ulizolilia, kama utaniruhusu. Akikasirika, akasirike na mimi. Mimi nitarudi Busia na lawama yangu, wewe utabaki hapo na heshima yako na mtoto wako.

Mpaka nifike, mrija ikikuja usivute, wewe sema tumbo linakusumbua. Chemsha chai, weka tangawizi. Mwambie Achieng mke wa mjomba, yule mwenye kelele, anakuja.

Ni mimi, mulamu wako asiyenyamaza,
Mama Wandera