Ngumi ya Papa Ilunga

Kikula, Jumanne

Mudomo ungali unatoka damu, kitabu hiki kitachafuka. Basi kichafuke.

Bantu bote wa avenue, barabara yetu, nimewaambia nilimupiga Papa Ilunga mpaka akaomba maji. Uongo. Miye, fundi ambaye hata wazungu wa mgodi waliniletea mashini zao, nilipigwa vibaya.

Alileta ordinatere, kompyuta ya zamani, sisteme imekufa, haiwaki tena. Ndani iko na picha zote za marehemu bibi yake, mke wake, hana zingine. CD ya kuwekea sisteme mupya sina, niko na kle USB moja tu, kale kaflashi kadogo. Asubuhi nilikopi picha kwenye kle. Mchana nikaifuta kle ile ile, nikaitia sisteme. Na sikukumbuka!

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta disque nzima ya ordinatere yake, nikijivuna: “Tulia, Papa. Picha ziko kwenye hii kle. Niliisafisha yote, njo maana inaenda mbio.”

“Uliisafisha? Na bibi yangu uliweka wapi?”

Ngumi ikanipasua mudomo. Kiti kikavunjikia mgongoni mwangu, akanikaba shingo mpaka nikaona giza. “Muntu ya bure! Nilikuletea bibi, weye unaniachia chuma!”

Majirani walituachanisha. Kitufe kilikuwa hakijaguswa.

Bila ngumi ile, ningekigusa. Hilo simwambii muntu.

Nilitoa disque, nikaiunga kwenye mashini yangu. Picha zote zingali ndani. Ya kwanza, bibi yake anacheka na sahani ya bukari, ugali wetu. Papa Ilunga akalia begani mwangu, damu yangu kwenye shati yake.